Tripodi nyepesi ya safari: maswali yanayonifikia kila wiki

Kila nikiweka picha ya nyota au ya mawimbi yaliyolainika kama moshi, ujumbe unaanza kuingia: stendi gani hiyo, inabeba kamera gani, nimeipata wapi. Nilikuwa nikijibu mmoja mmoja mpaka nikachoka, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Ujue tu kwamba mimi sina gari. Nasafiri kwa daladala, boti na bodaboda, mara mojamoja ndege ndogo, na mzigo wangu naubeba mwenyewe. Mwenye Land Cruiser yake anaweza kuwa na majibu mengine. Wapo wanaosema stendi, wapo wanaosema tripodi. Hapa nayatumia yote mawili.

Kamera yangu ina kizuia mtikisiko. Bado nahitaji tripodi?

Kwa harusi ya mchana, sokoni au mpirani, hapana. Iache nyumbani.

Kanuni ya wazee wa kazi inasema kasi ya shata (kile kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga) isipungue moja gawanya kwa urefu wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake): lenzi ya milimita 50 usishuke chini ya sekunde 1/50, ya milimita 200 usishuke chini ya 1/200. Kizuia mtikisiko kimelegeza kanuni hiyo sana, na mwenye mkono mtulivu anaweza kushika hata nusu sekunde. Ila nyota hazipigwi kwa nusu sekunde. Ukigawanya 500 kwa urefu wa lenzi unapata, kwa kukadiria, sekunde unazoweza kuiacha shata wazi kabla nyota hazijageuka vistari. Kwa lenzi ya milimita 24 ni kama sekunde 20. Hakuna binadamu anayeshika kamera sekunde 20 bila kupumua wala kuchezesha bega. Hali ni hiyohiyo kwa maji yanayotiririka ukiwa na filta ya ND (kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga), na kwa taa za mji baada ya magharibi.

Kuna sababu nyingine ambayo hakuna anayeiuliza: mpiga picha wa familia ndiye pekee asiyeonekana kwenye albamu ya familia. Tripodi na taima vinamrudisha.

Nyepesi ni kilo ngapi hasa?

Kwangu mimi, kati ya kilo moja na kilo moja na nusu, kichwa (kile kinachoishika kamera juu ya miguu) kikiwemo. Manfrotto Befree Advanced ya alumini ina kilo 1.49 na ikikunjwa inabaki sentimita 40. Tripodi ya Peak Design, ambayo ilianza kwa michango ya watu mtandaoni mwaka 2019, ina kilo 1.56 kwa alumini na kama kilo 1.27 kwa kaboni, na ikikunjwa ina sentimita 39. Hizo ndizo namba za kulinganishia stendi nyingine yoyote utakayoonyeshwa. Ikiwa na kilo mbili na ushee, ni stendi nzuri ya studio iliyopewa mfuko wenye mkanda.

Kabla hujanunua, fanya hivi. Chukua pakiti ya sembe ya kilo moja na mfuko wa sukari wa nusu kilo, vitie kwenye begi lako la kamera, zunguka navyo toka asubuhi mpaka alasiri. Kama ikifika saa saba umeshaanza kutafuta pa kuviacha, umeujua ukomo wako, na ni afadhali umeujulia kwenye sembe.

Jambo ninalowaambia wote ni hili: uzito wa kubeba na uzito wa kuisimamisha kamera ni vitu viwili. Wa kwanza unaununua dukani. Wa pili unauokota ulikofika, kwa sababu mawe, mchanga na maji vipo kila mahali na havilipiwi nauli. Majibu mengi hapa chini yanatoka hapo.

Alumini au kaboni?

Stendi za nyuzi za kaboni zilianza kwa Gitzo, kampuni yenye asili ya Ufaransa, mwaka 1994, na tangu hapo wauzaji wamekuwa wakituambia kwamba bila kaboni hujawa mpiga picha. Tupige hesabu. Peak Design ilipotoka, bei ya alumini ilikuwa kama dola 350 na ya kaboni kama dola 600. Tofauti ya uzito ni gramu 290 hivi. Yaani unalipa dola 250 kupunguza uzito usiofika hata chupa ndogo ya maji iliyojaa. Maji yenyewe unayanywa yanaisha.

Kaboni ina faida nyingine za kweli. Inatuliza mtetemo haraka zaidi, na kwenye baridi haikuumizi vidole kama alumini. Kasoro yake ni namna inavyoharibika. Alumini ikigongwa hubonyea, na fundi mwenye subira anaweza kuunyoosha mguu ukarudi kufanya kazi. Kaboni ikigongwa vibaya hupasuka, na hapo hakuna cha kunyoosha wala kuchomelea. Unaagiza mguu mpya kama kampuni inauza vipuri.

Ushauri wangu: kama hela ni ya kuhesabu, nunua alumini nzuri na tofauti iweke kwenye kichwa au nauli. Kama unapanda milima mara kwa mara, au mgongo una historia, kaboni inajilipa.

Boksi limeandikwa inabeba kilo 8. Kamera yangu haifiki hata kilo 2. Si inatosha mara nne?

Hakuna kipimo kimoja ambacho makampuni yote yanalazimika kukifuata. Kilo 8 za kampuni moja huenda ni uzito ambao kichwa hakitelezi, na za nyingine ni uzito ambao miguu haivunjiki. Kutovunjika si sawa na kutotikisika. Kikokotoo changu ni rahisi: pima kamera na lenzi yako nzito kuliko zote, zidisha mara tatu, chochote chini ya hapo usikiguse. Kamera ya Sony A7 IV yenye gramu 658 pamoja na lenzi ya milimita 70-200 ya kama kilo moja ni kilo 1.7 hivi, tafuta stendi iliyoandikwa kilo 5 hivi au zaidi. Kisha nenda kaijaribu.

Nikiwa dukani nipime nini?

Nenda na kamera yako, usione haya. Ifungue miguu yote mpaka mwisho, nguzo ya kati ikiwa chini. Weka kiganja juu ya kichwa, kandamiza kwa uzito wa mkono. Kama mguu mmoja unateleza kuingia ndani, kufuli limekwisha au halikuwahi kuwa zima. Sasa shika kichwa, kizungushe kushoto kulia kama unafungua kopo la rangi. Stendi zote nyepesi hujipinda kidogo. Unachotafuta ni kama inarudi palepale ilipokuwa, au kuna kitu kimelegea kinacheza.

Jaribio la mwisho ndilo linalowaudhi wauza duka. Funga kamera, washa skrini, kuza picha mara kumi ukilenga maandishi ya kibao kilicho ng'ambo ya barabara. Gonga mguu mmoja kwa kidole. Herufi zitacheza. Hesabu moja, mbili, tatu, mpaka zitulie. Zikitulia kabla ya tatu, mimi naridhika. Ukifika saba na bado zinacheza, rudisha kwa adabu. Na usisahau kuangalia vipira vya chini: vya stendi hafifu vimechomekwa tu, huchomoka kwenye tope na hutaviona tena.

Inatakiwa iwe na urefu gani?

Usidanganywe na urefu wa juu kabisa, maana huo ni pamoja na nguzo ya kati kupandishwa yote. Peak Design inafika sentimita 152, lakini nguzo ikiwa chini ni kama 130. Ukipandisha nguzo umeweka kamera juu ya mti mmoja uliosimikwa juu ya tripodi. Mimi siipandishi ila pasipo na upepo kabisa. Kuinama kidogo hakujamwua mtu, na picha nyingi hupendeza zikipigwa chini ya usawa wa macho.

Kufuli za kuzungusha au za kubana?

Za kubana zinafunguka haraka na unaona kwa jicho kama zimefungwa. Za kuzungusha hazinasi kwenye begi wala kwenye nguo, na ni rahisi kufungua na kusafisha. Anayekaa pwani achukue za kuzungusha. Angalia pia idadi ya sehemu za mguu: sehemu tano zinakunjika fupi, lakini ile ya chini kabisa huwa nyembamba kama fimbo ya mwanzi. Nikiweza kuishi bila kuifungua, siifungui.

Nafanyaje kukiwa na upepo?

Hili ndilo swali la pwani. Upepo wa kusi ukishika, fukwe za mashariki ya Unguja jioni tulivu ni za kuhesabu, na stendi ya kilo moja na nusu inatetemeka kama antena.

Kwanza, shuka. Fungua sehemu za juu za miguu tu, zile nene, nguzo chini, wewe umepiga magoti. Pili, mguu mmoja uelekee kule upepo unakokwenda, ili upepo ukisukuma ukute mguu umekita. Tatu, toa mkanda wa kamera au uzungushie pembeni, maana ule mkanda unapepea kama tanga dogo na kila ukipepea unaitikisa kamera. Wengi wanalaumu stendi wakati mkosaji ni mkanda.

Nne ndiyo ile habari ya kuokota uzito. Stendi nyingi zina ndoano chini ya nguzo. Ukitundika begi likaning'inia hewani, upepo utalibembeza na umejiongezea tatizo. Litundike mpaka liguse ardhi kidogo, uzito ukiwa bado unavuta. Kama ndoano haipo, chukua kanga. Funga pembe tatu kwenye miguu mitatu, ya nne ikunjie ndani, na pale katikati penye mkunjo kama machela weka mawe mawili matatu. Kilo nne za bure, na ukimaliza unayamwaga. Kanga iwe kuukuu. Mimi nilishatumia moja ya doti jipya bila ruhusa, na sitaki kulizungumzia.

Mwisho, usibonyeze kwa kidole. Weka taima ya sekunde mbili, au tumia rimoti, au simu. Na zima kizuia mtikisiko, kwa sababu kwenye baadhi ya kamera na lenzi kikikosa mtikisiko kinaanza kuutafuta, kikauleta chenyewe.

Naweza kuiingiza baharini?

Unaweza, na mimi huingiza, lakini nilijifunza kwa gharama. Stendi yangu ya kwanza niliuziwa na jamaa mmoja mtaani, nyeusi, inang'aa, vibano vya plastiki. Niliipeleka Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yamekupwa mbali, mashamba ya mwani yamebaki wazi na vijiti vyake. Nikaisimamisha kwenye maji ya kifundo cha mguu, nikahesabu sekunde thelathini za kwanza, nikafurahi. Maji yakaanza kurudi. Kila kijiwimbi kilipopita kilichota mchanga kidogo chini ya mguu wa mbele, na mguu ukazama unyoya kwa unyoya. Niliona mstari wa upeo unapinda kwenye skrini, nikadhani nimekosea kuusawazisha. Nilipoinamia kibano kukirekebisha kikakatika mkononi, na kamera ikaja na uso. Niliidaka kwa mkanda. Lenzi ilikuwa imeshakunywa.

Kwa hiyo: mchangani kita miguu kabla ya kuweka kamera, uikandamize mpaka igome. Kama mchanga ni laini mno, tafuta vifuu vitatu vya nazi. Kila mguu uingie ndani ya kifuu chake kama kikombe; unazama kidogo sana. Ukiingia majini, fungua kwanza sehemu nyembamba za chini, kinyume cha kawaida, ili kufuli zibaki juu ya maji. Na ujue siku za mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Unguja yanaweza kupanda na kushuka kama mita nne. Siku za maji mafu mambo ni ya polepole. Ukiwa hujui, waulize wavuvi, wana kalenda kichwani.

Ukirudi, usiikunje ikakaa na chumvi mpaka kesho. Ifungue yote, imwagie maji yasiyo na chumvi, fungua kufuli za kuzungusha, toa mchanga, ikauke kivulini, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu. Dakika ishirini. Kaboni hailiwi na chumvi, ila maungio yake ni ya chuma na bolti, na hayo huliwa.

Naenda Serengeti. Nichukue ipi?

Ndani ya gari, usichukue yoyote. Sehemu kubwa ya hifadhi huruhusiwi kushuka, na ndani ya gari lenye watu sita na paa la kuinua, miguu mitatu haina pa kukaa. Kinachofanya kazi ni mfuko wa kitambaa wenye mchele au maharage, unaulaza kwenye ukingo wa paa au dirisha, lenzi inalala juu yake kama mtoto kwenye mto. Safiri nao mtupu. Ukifika Mto wa Mbu au Karatu nunua kilo mbili za mchele sokoni, ujaze, ushone au ufunge zipu. Siku ya mwisho mchele huo mpe mpishi wa kambi. Uzito wako wa kusafiri ulikuwa gramu mia.

Mwombe tu dereva azime injini. Hakuna mfuko wala stendi inayoshinda dizeli inayonguruma.

Stendi itakufaa usiku kambini, ukitaka nyota. Usisogee mbali na mahema kwa ajili ya picha, hata kama mwongoza watalii amelala.

Na Kilimanjaro?

Hapa kaboni ndiyo inapostahili bei yake. Mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na begi lako lenyewe kwa kawaida linawekewa ukomo wa kilo 15 hivi, kwa hiyo kila gramu inagombewa na sweta. Itumie kambini: Shira na Barranco usiku ni mahali ambapo Njia ya Maziwa (ule ukanda mweupe wa nyota) inaonekana kama mtu kamwaga unga. Usiku wa kilele, wa kutoka kambi ya Barafu kwenda mita 5,895, mimi ningeiacha hemani. Utakuwa unahesabu pumzi, si sekunde za shata.

Ukiwa na ya alumini, kata tyubu kuukuu ya baiskeli uvalishe sehemu za juu za miguu miwili. Haigandishi mkono, na haitelezi ukiwa na glavu.

Kwenye ndege wananiruhusu kuingia nayo?

Mara nyingi ndiyo, lakini neno la mwisho ni la ofisa wa ukaguzi aliyeko mbele yako, na ukiwa na ncha za chuma kwenye miguu usijaribu. Emirates na Qatar daraja la kawaida wanaruhusu kilo 7 za mkononi. Kamera na lenzi mbili zimeshazimaliza. Mimi stendi naiviringisha kwenye suruali, naiweka begi la chini. Kamera, na betri za akiba ambazo sheria zinataka ziwe ndani, nabaki nazo. Ndege ndogo za hifadhini mara nyingi ni kilo 15 kwa jumla, kwenye begi laini lisilo na fremu, na wanapima kweli.

Kwa nini nikitoa tripodi tu askari anakuja?

Kwa sababu mwenye simu ni mgeni, mwenye kamera ni mtalii, na mwenye miguu mitatu ni "waandishi". Salimia kwanza, eleza unapiga nini, uliza kabla hujafungua mguu wa kwanza. Kwenye madaraja, bandarini na karibu na majengo ya serikali ni bora kuacha. Karibu na kambi za jeshi usifikirie hata. Kazi ya filamu ya kibiashara Tanzania ina utaratibu wake wa kibali cha Bodi ya Filamu, na hifadhi zina ada zake. Kwa picha yako ya jioni Forodhani, stendi fupi iliyosimama juu ya ukuta haimshtui mtu. Hiyo ni faida ya wepesi ambayo haiandikwi kwenye boksi.

Napiga kwa simu tu. Hizi zinanihusu?

Zinakuhusu nusu. Nunua kishikio cha simu chenye tundu la skrubu ya robo inchi, ukifunge kwenye stendi yoyote, maana skrubu hiyo ndiyo ya karibu kamera zote. Simu ni nyepesi, stendi ndogo ya mezani inatosha kwa safari nyingi. Ukipanga kununua kamera mwaka huu, ruka ya mezani.

Kichwa cha aina gani, na hii pleti inanisumbua.

Kichwa cha gololi, basi. Kinakaa kidogo, kinageuka kila upande, kinakaza kwa kitasa kimoja. Vile vya mikono mitatu ni vya watu wasio na haraka. Kuhusu pleti, kile kibati kinachofungwa chini ya kamera ili iingie kwenye kichwa, chagua stendi inayotumia mfumo wa Arca-Swiss, wenye upana wa milimita 38, kwa sababu pleti ikipotea utapata ya kampuni nyingine ikaingia. Pleti hupotea. Nunua ya pili siku hiyohiyo, na alenki yake (ufunguo wa pembe sita wa kuikazia) ifunge kwa uzi kwenye mfuko wa stendi. Nilishakaa Lamu siku mbili nikikaza pleti kwa sarafu.

Stendi yako ya kwanza, ile ya Jambiani, iliishia wapi?

Mguu mmoja ulibaki mzima. Mama anautumia kufikia maembe.